Nilimpita Baba Yako Mlimani

Machochwe

Baba Robi wangu,

Pole na kazi za huko Geita. Ng'ombe mwekundu amezaa, na Robi ameota jino la pili. Hayo ndiyo mazuri.

Sasa usikie ya Jumamosi. Ukoo mzima tulivuka mlima kwa miguu kwenda harusini kwa binamu yako. Mimi nilibeba unga mgongoni na Robi kifuani. Kule juu, njia inapopenya kati ya miamba miwili, baba yako akakaa katikati kunusa ugoro. Wengine wakampita. Mimi mkamwana, ambaye ni mwiko kumgusa, ningempitaje karibu hivyo, hadi nguo zigusane? Nikasubiri. Mvua ya mawe ikaanza.

"Baba, naomba unipishe, mtoto analowa," nikaita kwa mbali.

"Wakamwana wa siku hizi hawana subira," akajibu, akafungua kopo la ugoro tena.

Dada yako Nyangi akacheka kule mbele: "Mama Robi, kwani wewe chumvi, utayeyuka?"

Robi alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Nikainamisha kichwa, nikapita. Bega langu likamgusa.

Sasa wanadai mbuzi wa kumtakasa, na mimi nipige magoti niombe radhi. Mbuzi mtoe ukitaka, ni baba yako. Magoti sipigi. Mtoto alishikwa homa kali, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali.

Nimekukumbuka sana, mume wangu. Ukifika, ingia kwanza hapa umbebe mwanao, ndipo uende kwa baba yako. Ukianzia kule, utakuta nimefunga mlango.

Mkeo,
Mama Robi