Helmeti Iliyonichongea Kisimani

Eldas, Wajir

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mara mbili: ya kwanza ya heshima, ya pili ya kukulainisha, maana yaliyonipata huku ni makubwa. Goti lako laendeleaje? Na Baba, kikohozi kinamwacha alale? Mimi mwili mzima, ila moyo bado unanienda mbio.

Unajua kazi yangu ni kuwapeleka madaktari wa mifugo visimani kwa pikipiki. Sasa ofisi ikataka video ya njia na ngamia. Kamera ya begani nitaishikaje na mikono iko kwenye usukani? Nikaamua kuifunga kwenye helmeti. Kule Garissa nikaonyeshwa moja yenye kioo kidogo cha kutazamia. Niliposikia bei nikairudisha upesi kama iliyoniunguza. Nikachagua kijikamera kile wenye maduka hutundika mlangoni kunasa wezi, nikakiunga kwa waya na mashine kuukuu ya kurekodi ndani ya mkoba mgongoni, nikakikaza kwa mpira wa tyubu. Hakina kioo, huoni kinachopigwa. Nikajiona mjanja. Mama, rahisi huvunja upishi!

Mzee Abdi, mwenye kisima, aliniruhusu kwa sharti moja: kanda isiende Nairobi kabla hajaitazama, maana hapa watu hawapendi mifugo yao ihesabiwe na jicho la mgeni. Nikarekodi kisimani kutwa nzima, na Ijumaa baada ya swala tukawasha televisheni uani kwake kwa betri ya gari. Wanaume wa ukoo wakakaa mkekani. Binti yake Halima alisimama mlangoni na shangazi yake.

Ngamia akatokea, mara picha ikageuka: Halima anavuta maji. Ngamia tena, kisha Halima anafunga mtungi. Mbuzi horini, na nyuma yao Halima anacheka. Kila nilikogeuza kichwa siku ile, kamera ilinifuata. Ya Rabi! Wallahi Mama, mimi mwenyewe sikujua kama namtazama hivyo. Chai ilinimwagikia mapajani na sikuhisi moto.

Hakuna aliyecheka. Mzee Abdi akazima televisheni.

"Wewe Athmani," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "ofisi imekutuma biga bicha ya ngamia ama ya binti yangu?"

Nikaanza kupangusa chai mapajani.

"Mtu akisema uliangalia, unaweza kataa. Hii huwezi kataa. Leta baba yako tuongee, ama toka Eldas na usirudi kisima yangu."

Kanda akaitia mfukoni.

Nikifukuzwa kisimani kazi imekwisha, lakini silii kwa ajili ya kazi. Nampenda, Mama, na nimelijua hilo pamoja na ukoo mzima. Tafadhali mtulize Baba, kisha aje na Ami Salim. Nitawapokea Garissa.

Nisalimie dada yangu Zuhura na nyanya mzaa baba. Jirani yetu fundi cherehani asiambiwe bado, nao mdomo wake unaujua.

Jana shangazi yake Halima alinisimamisha njiani. "Halima anauliza," akasema, "siku baba yako akikuja, utatoa hiyo helmeti kichwani? Na yeye anataka kukuangalia uso."

Mwanao aliyeshikwa na ushahidi,
Athmani