Samaki wa Mama Hawakuwa na Kosa

Ufuo wa Nyaluru, Kisian,
S.L.P. 88,
Kisumu.
14 Novemba 1992

Mpendwa wifi Nelima,

Pokea salamu zetu sote. Huko Voi joto limepungua au bado mnaiva? Ndugu yangu Absalom bado anakohoa, au ameacha sigara kama alivyoniapia? Watoto je, wanakumbuka sura ya shangazi yao? Sisi huku ni wazima, na safari hii nikiandika wazima sijazi karatasi tu. Hata yule jogoo uliyeniachia yuko hai, ingawa najua wewe Mbukusu mpenda kuku ungekuwa umeshamtia chunguni.

Sasa habari yenyewe. Ufuo wetu umefunguliwa! Bango la marufuku waling'oa Jumatatu, na mitumbwi ikashusha samaki mchana huohuo. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mlilosikia huko ni kwamba kipindupindu kiliingia Nyaluru, serikali ikafunga ufuo na kukataza kuuza samaki. Kuna jambo hatukuwaandikia kwa sababu lilitushinda kuandika. Shemeji yako Ouma naye alishikwa. Alikuja kutoka Kisumu siku ya Ijumaa, akala samaki wa Mama, ngege wa kukaanga, na kabla hakujapambazuka akawa hoi, anahara na kutapika. Tulimkimbiza zahanati, wakamtia maji ya mshipa, na Mungu akatuachia.

Lakini unawajua watu. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakasema sumu ilitoka kwenye karai la Mama. Wateja wa miaka yote walimpita kama hawamwoni. Hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni kwamba Mama mwenyewe aliwaamini. "Adero, karibu niue mtoto na samaki yangu," aliniambia. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi! Akatupa karai nyuma ya nyumba. Ouma akawa anapewa uji, mboga, uji, na Mama mwenyewe hakugusa hata omena. Mjaluo bila samaki, Nelima! Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Huko Kisumu nako, ofisi ya afya ilikuwa inapokea hesabu ya wagonjwa kutoka kila zahanati, halafu wanachoma pini nyekundu kwenye ramani ukutani. Nyaluru ilijaa pini. Basi amri zote zikaja kwetu: ziwa chafu, ufuo ufungwe, chimbeni vyoo. Kwa vyoo sikatai, tulikuwa na aibu yetu.

Mwishoni wakamtuma afisa mmoja aje akague, mama wa upande wa Busia anayeitwa Nabwire. Nilikuwa nimeunoa ulimi nikimngoja. Alifika kwa Mama, akamkuta Ouma amelala kwenye mkeka, akamwuliza tumbo lilianza lini.

"Ilianza asubuhi nikiwa bado Kisumu, hapo mtaa wa Migosi, madam," Ouma akajibu. "Nikaona kama ni kufa, afadhali nifie kwa mama."

Siku zote hizo hakuna aliyemwuliza, hata mimi dada yake. Nabwire alishika kichwa akacheka. "Yawa, ni sisi wenyewe! Hata mimi mwaka jana niligonjeka hapo Kisumu nikakimbia Busia kwa mama. Si nilihesabiwa huko?"

Unatujua tulivyo. Nani anauguzwa kwenye chumba cha kupanga? Ukiumwa unapanda gari uende nyumbani, na zahanati ya nyumbani ndiyo inakuandika. Kwa hiyo mtu anakunywa maradhi Migosi, na pini inachomwa Nyaluru.

Nabwire akarudi kwa wagonjwa mmoja mmoja na swali jipya: kabla tumbo halijakugeuka, ulilala wapi na ulikunywa maji ya nani? Karibu wote walikuwa watoto wetu wanaofanya kazi mjini, wamepanga kwenye ploti za Migosi zinazochota maji kwenye bomba moja. Bomba lile limepasuka mahali linapopita kwenye mtaro wa maji machafu. Basi pini zikahamishwa, bomba likafungwa, mifereji ya mtaa inabadilishwa, na sisi tukafunguliwa. Sasa zahanati zote zimeagizwa kuuliza swali hilo kwa kila mgonjwa. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliyekuwa nimeunoa ulimi ndiye niliyembebea mkoba hadi barabarani.

Kwa hiyo mwambie Absalom ayaache maneno ya kumhamishia Mama Voi. Haji. Hata mkimtumia tikiti ya gari la moshi, ataifungia njugu.

Nabwire alikuja mwenyewe kumpa Mama habari. Mama akamwuliza, "Kwa hivyo si samaki yangu?" Akajibiwa si samaki yake. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Hakushukuru wala kutabasamu. Aliinuka, akaenda kulitafuta karai lake kwenye majani, akalisugua kwa mchanga mpaka nikamwambia atalitoboa.

Jana alikaanga. Alimwekea Ouma ngege mzima na ugali, akakaa mbele yake anamtazama. Mimi nilidhani atafurahi. Ouma alipofika kwenye kichwa, Mama akasema, "Wiki hizi zote nimenyima mtoto chakula yake bure," akaangua kilio ambacho hakulia hata siku ile ya zahanati. Ouma alimega kipande cha mgongoni, akakitoa miiba yote, akamtia Mama mdomoni. Mama akala huku analia.

Msalimie sana Absalom, na Rosa na mdogo wake Obiero. Mama anawabariki wote, na jirani yetu Nasambu anakukumbuka. Mungu aliyetuvusha hapa awe mlinzi wenu huko, na maji yenu mchemshe.

Ni mimi wifi yako wa maneno mengi, nikupendaye siku zote,

Adero