Mpira Wenye Ufa

Liban,

Usiiguse tena skrubu ya kabureta. Chai iko kwenye thamosi.

Asubuhi niliwasha pikapu ya Baba. Ikavuma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ikashuka, ikataka kuzima, ikavuma tena. Mama anakaa eda, hatoki, lakini alisikia, akasema dirishani: "Hiyo inavuta hewa mahali. Baba yenu angemwagia mipira ya injini maji." Nikachukua birika la udhu, nikaimwagia mmoja mmoja. Nilipofika ule mwembamba wa nyuma, injini ikatulia. Mpira huo una ufa, maji yakauziba. Na wewe wiki nzima unakaza skrubu tu, fundi bingwa.

Nimeenda mjini kutafuta mpira mwingine.

~~Adeer Abdilatif akija na mnunuzi, mwambie arudi kesho.~~

Adeer Abdilatif akija na mnunuzi baada ya adhuhuri, mpe chai, umwambie pikapu haiuzwi. Ulimwambia ndugu yake Baba kuwa injini imekufa. Haijafa.

Mama aliniuliza mbona naikagua leo. Nikasema kuna mtu anakuja kuiangalia. Akasema: "Nani anaiuza na mimi niko ndani?"

Sikukutaja. Mwambie Mama kuwa ni wewe, kabla adeer hajafika.

Dada yako,
Ikran