Nimeuza Rimu Zako, Baba Ng'washi

Baba Ng'washi,

Nimeuza rimu zako za gari. Nakwambia mwanzoni kabisa, usije ukasikia kwa ndugu zako. Wao wanazililia kuliko walivyokulilia wewe.

Gari lililetwa nyumbani bila hata kioo kuvunjika. Tairi la nyuma lilipasuka pale Sola, gari likaingia kwenye shamba la pamba likasimama, mlango ukafunguka, wewe ukatupwa nje ukavunjika shingo. Na lile tairi ulilichagua mwenyewe, kwa ajili ya herufi nyeupe za ubavuni. Siku ulipolinunua Mwanza nilikuwepo. Nilikuonyesha nyufa, nikasema hili limezeeka, ukacheka: "Mama Ng'washi, tazama meno yake, halijatembea hili." Meno! Tangu biashara iachiwe huru kila takataka inashushwa hapa imepakwa rangi ya viatu, nanyi mnaikimbilia kwa kuwa imetoka nje.

Matanga yalipoisha tu, mdogo wako Masanja akaja na wazee. Akakuta gari liko juu ya mawe, maana matairi yale mengine nayo sikuyaamini tena. "Shemeji, gari lisilotembea ni la ukoo," akasema. Wakanipa wiki moja tu: likiwa bado juu ya mawe, wanalichukua. Mimi mitumba yangu nitaipelekaje minadani, kichwani?

Nikaenda sokoni Bariadi. Muuzaji akanitolea matairi mapana, yanang'aa. "Mayu, mama yangu, haya ndiyo saizi ya gari la mzee." Nikakwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka, nyufa zikaonekana. Nilimtukana, Baba Ng'washi. Mimi uliyeniita mpole, nilimtukana mpaka watu wakajaa. Na mapya ya upana ule siyawezi hata nikiuza kitanda.

Ndipo nikazifungua rimu zako za kung'aa. Mfanyabiashara mmoja wa Malampaka alizichukua, akanipa rimu nne za chuma na matairi mapya manne, membamba, ya hapa hapa nchini.

Sasa gari lako la mbio lina miguu ya kondoo. Linavuma barabarani, na kwenye kona sithubutu kukimbia. Masanja alipoliona alisema nimemvua marehemu viatu. Nikamwambia apishe njia, nimechelewa mnadani. Wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka. Gari linatembea, si lao.

Nakumbuka uwanja wa mpira ulikonifundisha kuendesha, mkono wako juu ya wangu kwenye gia. "Taratibu, mama, taratibu." Ulimfundisha mwenzio ambacho mwenyewe hukukifanya hata siku moja. Ungekufa kwa kuugua, ningekuwa nimeshakusamehe. Lakini herufi... Herufi tu, mume wangu.

Jana nilipita Sola kwa mara ya kwanza. Marobota yalijaa nyuma, Ng'washi amesinzia pembeni yangu. Sikusimama. Nilipunguza mwendo, nikalia huku naendesha, nikakuita mjinga kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Akauliza nagombana na nani. Nikamwambia, na baba yako.

Haya, lala. Hasira bado ninayo na sitaki mtu aniondolee. Ila usinisubiri karibuni. Nakuahidi kila tairi nitalipapasa kwa mkono wangu kabla halijafungwa, nitamfikisha mtoto huyu kila ninakokwenda naye, na mimi, Baba Ng'washi, nitazeeka.

Mkeo,
Mama Ng'washi