Namba Tano Hajajibu

Ghorofani, karakana ya magodoro
Jumatatu, 2 Juni

Mpendwa Kaka,

Mdogo wetu Ngazi alipoteza mwenzake wa zamu tarehe 14 Machi, na tangu siku hiyo hajarudi kazini. Leo ni siku ya themanini. Baada ya hapo ndipo nikusalimu: hujambo, na goti la wifi yangu linaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru.

Naandika kwa sababu kwenye simu unageuza kila kitu mzaha.

Ninyi wa zimamoto mnajua wenyewe: paa likianza kulegea, kiongozi anaita hesabu nje, kila mtu anajibu namba yake. Wewe ndiye uliyemfundisha. Siku ile Ngazi aliita, wakajibu mpaka nne.

Sasa anaita nyumbani, kabla ya kila mlo. Mkewe moja, watoto mbili na tatu, mimi nne. Kisha anangoja. Nimepima kwa saa: dakika ishirini, juzi thelathini na tano. Chakula kinapoa, watoto wanatazamana.

Jumamosi mchana nikachoka. Karakana hii niliianza na cherehani moja, leo ni kumi na sita, na sijazoea kuacha pengo kwenye hesabu. Nikajibu, "Tano."

Kaka, alinirukia akaigeuza mikono yangu, akitafuta palipoungua. "Umetokea mlango gani?" akaniuliza. "Nilikaa mlangoni, umetokea wapi?" Alipotambua ni mimi, alikwenda kukaa ndani ya gari mpaka jioni. Kosa ni langu, silikwepi.

Lako ni hili. Mshauri wa askari wa zimamoto alimpangia vikao vinane, amekwenda kimoja. Ukimuuliza, anasema Kaka alizima moto miaka kumi na miwili na hakuhitaji kubembelezwa na mtu. Nawe kila Ijumaa unampigia kumwambia ajikaze kama wewe.

Kama wewe yupi? Uliacha kazi ukasema ni mgongo, na mwezi uleule mgongo huohuo ukanipandishia friji ghorofa ya tatu. Ni mimi niliyekusindikiza mara tisa kwa daktari wa akili, tukiwaambia watu kwamba unakwenda kukandwa. Uliniomba ninyamaze, nimenyamaza miaka sita. Sikuoni mdogo kwa hilo. Ulipona, nami nilifurahi. Ila Ngazi anajilinganisha na mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Mkewe anakusalimu, shangazi pia, na watoto wanauliza utakuja lini. Mungu akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Kikao kijacho ni Alhamisi ijayo, tarehe 12, saa nne asubuhi. Barua hii itakufikia Ijumaa hii. Siri ni yako, sitaki kuitoa mimi. Utampigia umwambie ukweli, ndiyo au hapana? Nataka jibu kabla ya Jumatano tarehe 11, saa sita mchana, na "tutaona" silipokei.

Dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira