Mwanga Ambao Mama Aliuona

Jumamosi, Agosti 1998, Kulesa

Na leo tena wameniletea redio mbovu! Nimesomea mwanga wa leza ng'ambo miaka yote hii, lakini hapa kwetu mimi ni fundi wa redio tu.

Kwenye arusi ya dada alikuja mpiga video kutoka Malindi. Nikamkalisha mama nyuma ya kamera, kwenye kioo chake kidogo cha picha, nami nikasimama mbele ya lenzi na rimoti ya TV, nikabonyeza. Nikamweleza kuwa mwanga huu macho hayauoni, kamera ndiyo inayouona. Kazi yangu ni kuupitisha mwanga kama huo ndani ya utando wa kioo ulio mwembamba kuliko unywele, usivuje pembeni, kama maji kwenye mfereji wa mpunga.

Akasogeza uso karibu na kioo. Nilitamani aulize chochote. Kule ng'ambo nashinda peke yangu kwenye maabara ya giza, nikidhani kwamba nyumbani angalau mtu mmoja ataniuliza ninachofanya...

“Nimeuona,” akasema. “Unawaka kama kimulimuli. Lakini mwanangu, mbona humu umekonda hivi? Huko unakula na nani?”

Nikamwambia nakula na wenzangu. Kisha nikabonyeza tena haraka, ili atazame mwanga.