Vidonge vya Mama, Uyoga wa Melania

Ujiji, 18 Novemba 1997

Mwanangu Shadia,
Assalaam alaykum. U mzima? Mie nipo, ila sukari inanitesa: miguu inawaka moto, kiu haiishi. Melania, yule Mrundi anayenifulia, ameniletea unga wa uyoga wa porini. Nachemsha kijiko kila asubuhi. Anasema kwao hushusha sukari. Usiniletee maswali ya kihospitali, nimechoka.
Mama yako

Kambini, Kasulu, 29 Novemba 1997

Shikamoo mama,
Nipo, alhamdulillahi, ingawa wagonjwa ni wengi na wauguzi tuko watatu. Uyoga sikukatazi, maadamu Melania anaujua, kwani upo unaoua. Lakini huo ni wa kusaidia tu, haushiki nafasi ya dawa. Vidonge unameza vyote viwili, asubuhi na jioni? Nijibu hilo tu.
Mwanao, Shadia

Ujiji, 3 Januari 1998

Marahaba mwanangu,
Nimekawia kwa ajili ya kidonda cha kidole, kimegoma kupona. Nakwambia kweli, maana na kuficha kunachosha. Nameza kimoja. Cha jioni nampa Oswald, mume wa Melania. Naye ana sukari, amebaki mifupa. Siku hizi wakimbizi walio nje ya kambi wanakamatwa, basi hospitali hathubutu. Kabla hata ya ule uyoga nilimwambia, "Baba, chukua." Akakataa, akalia. Melania akasema, "Mama, mimi nitakutafutia uyoga, uzibe pengo." Ningefanyaje? Nimtazame tu?
Mama yako

Kambini, 10 Januari 1998

Shikamoo mama,
Nimesoma nikalia, kisha nikaenda kwa daktari. Amekubali kumpokea Oswald. Waje upesi, waniulizie mimi getini. Nawe kasafishwe kidonda leo, siyo kesho.
Mwanao, Shadia

Ujiji, 19 Januari 1998

Mwanangu,
Salaam nyingi. Wiki nzima wamekataa, wanaiogopa kambi. Leo Oswald hawezi hata kusimama, ndipo wamekubali. Nimewasindikiza hadi Mwandiga na mguu wangu huu mbovu, wakapanda gari. Nipokelee watu wangu.
Mama yako

Kambini, 24 Januari 1998

Mama yangu, shikamoo,
Walifika. Oswald alikuwa hajitambui. Tulimtundikia maji, tukamdunga sindano; siku ya tatu akafariki. Tumemzika hapa hapa. Melania yuko kwangu. Halii, wala hali chakula. Ameniuliza jambo moja tu: mguu wako unaendeleaje. Niandikie nimjibu.
Mama, vidonge sasa ni vyako vyote. Vimeze.
Mwanao, Shadia